Kumsifu Mtani

Kila asubuhi Tatu Mwinshehe alipofika chumba cha mwisho cha makao ya wazee ya Tulieni, alitoa shikamoo yake mlangoni, chini chini, kama abiria anayelipa nauli kabla gari halijaondoka. Akishaitikiwa marahaba, heshima ilibaki nje na yeye akaingia ndani.

“Mbeba mizigo, hujafa tu?”

“Nakungoja wewe utangulie, Mzaramo,” mzee Ezekia Ngollo alijibu kutoka kitandani. “Nikifa mimi utamwibia nani sukari?”

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mzee Ezekia alikuwa amepooza upande wa kulia. Alikuwa na mwili mrefu, mwili wa mtu aliyetengeneza reli tangu ujana wake kule Igalula, na mtu wa namna hiyo akiachwa alale ubavu mmoja huoza mgongo akiwa hai. Tatu alimgeuza asubuhi, akamgeuza kabla ya chakula, akamgeuza tena alasiri. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha katikati ya vidole, akampaka mafuta visigino. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono. Mdomo ulikuwa na shughuli yake: kumkumbusha kwamba babu zake walipita Uzaramo na pembe za ndovu za watu mabegani wakiomba maji kila mlango, na maji hayo hawajayalipia hadi leo. Naye Ezekia akamjibu kwamba maji yenyewe yalikuwa ya chumvi, na kwamba Mzaramo ni mtu anayeweza kuacha nyumba yake iungue ili asikose ngoma ya jirani.

Utani huo hawakuuanzisha wao. Uliletwa na misafara, enzi za Wanyamwezi kushuka pwani kwa miguu na kurudi, wakiibiana kuku na wenyeji wa njiani na kuzikana nao pia. Watu waliozikana hawaoneani haya tena. Tatu aliukuta utani ukimngoja alipoletwa Tabora na mumewe wa reli, na mume alipokufa ndio uliomfanya asirudi kwao Maneromango. Mahali ambapo watu wanakutukana kwa mapenzi si ugenini.

Bibi yake kule Maneromango alikuwa na neno lake juu ya jambo hilo. Mtani hasifiwi, alisema. Ukimsikia mtu anamsifu mtani wake mbele ya mgeni, ujue kuna matanga.

Kitanda cha pili cha chumba kile kilikuwa cha mzee Shigela, aliyekufa masika yaliyopita. Ndugu walitafutwa, hawakupatikana. Wafanyakazi walimpeleka kwenye makaburi nyuma ya shamba la mihogo, mchungaji akasoma, udongo ukarudishwa, watu wakaenda kula. Ezekia, aliyepelekwa kwa kiti cha magurudumu, aliyaona yote. Aliporudi hakumtukana mtu, na chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

“Una nini wewe?” Tatu alimuuliza.

“Amezikwa kimya,” Ezekia alisema. “Hakuna hata mmoja aliyecheka. Nami sina mtu, Tatu. Mwanangu alikwenda machimboni Mpanda, na tangu hapo sina habari zake. Nitazikwa vilevile.”

Kumwita kwa jina lake kulimtisha Tatu kuliko maneno yenyewe. Kwa watu wenye watani, msiba usio na kicheko ni msiba wa mtu aliyetupwa. Mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akagoma kutoka mpaka ndugu wa marehemu wamkomboe kwa kuku au kwa chochote walicho nacho. Ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, ili waliofiwa wapate mahali pa kupumulia.

“Nitaingia mimi,” alisema. “Nitalala humo kaburini mwako na sitoki mpaka wanipe lile koti.”

Koti lenyewe lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, zito, jeusi, la sufu, alilopewa zamani na shirika la reli. Ezekia aliligeukia akalitazama.

“Halitakufaa,” alisema. “Una mabega ya dagaa.” Kisha akaomba uji.

Mwezi wa sita ikaja habari kwamba huduma za Tulieni zitatathminiwa. Tathmini ni mgeni anayetanguliwa na rangi. Kuta zikapakwa chokaa, shuka mpya zikatolewa stoo zilikofungiwa zisije zikachakaa kwa kulaliwa, na uji ukatiwa maziwa. Bi Zabibu, ambaye macho yake yalikwishazima, alionja uji huo akauliza ni nani amekufa.

Mtathmini alikuwa binti aitwaye Julieth, ametumwa na shirika lililokuwa likiyasaidia makao. Alikuwa mpole na msikivu, wala hakudanganywa na chokaa. Bibi yake mwenyewe alifia katika makao ya wazee ya mkoa mwingine, na vidonda mgongoni, baada ya wakaguzi kuwauliza wazee mbele ya wahudumu wao na kila mzee kusema yuko salama. Kwa hiyo Julieth alikuwa na kanuni moja asiyoivunja: mtu mmoja, chumba kimoja, mlango umefungwa. Ni kanuni nzuri. Ila aliyeitunga hakuwa na mtani.

Ezekia alitolewa katika chumba hicho kwa kiti chake, na uso wa mtu aliyeonjeshwa asali.

“Nimekumaliza,” alimwambia Tatu waliyepishana naye mlangoni.

“Nami naenda kukumaliza,” Tatu akajibu, akaingia.

Julieth alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za kazi. Kisha akauliza, “Wewe ndiye unayemhudumia mzee Ezekia?”

“Namhudumia? Namngojea afe.”

Kalamu ya Julieth ilisimama. “Unamngojea afe.”

“Koti lake nimeshalipima, linanifika magotini. Anachelewesha tu. Wanyamwezi ndivyo walivyo, ukimtua mzigo anazunguka kutafuta mwingine.”

Alisema hayo bila kucheka, maana utani wa kujichekea mwenyewe ni wa watoto. Alitegemea binti acheke, au afungue mlango mzee aletwe ajibu. Binti hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza taratibu, “Na chakula, mama? Anakula anapotaka?”

“Anakula nikipenda.”

Kweli ni kwamba alimlisha kijiko kimoja kimoja na kumbembeleza kama mtoto mwenye homa, na siku alizokataa, Tatu mwenyewe hakula. Angeweza kusema hivyo, na kila neno lingekuwa la haki. Lakini angeanzaje kumsema hivyo mbele ya mgeni, mtu mzima na akili zake, kama anayetangaza msiba?

Julieth alimshukuru, akamwambia anaweza kwenda. Tatu alitoka na kitu kidogo kikimkereketa moyoni. Mchana kilikuwa kimekwisha.

Mgongo wa mzee haukuulizwa. Julieth aliona haya kumvua shati mtu wa umri wa babu yake, na haya hiyo ni ya malezi mema, hakuna wa kumlaumu. Lakini mgongo ule laini, usio na kidonda hata kimoja, ndio shahidi pekee ambaye hakuwa na mtani wa kumlinda wala wa kumtukana.

Tatu aliitwa ofisini kabla mwezi haujaisha. Walikuwemo Sylvester, msimamizi wa makao, mtu mwenye roho nzuri na uoga mwingi, na mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu aitwaye Erasmus. Julieth aliketi kati yao akasoma kwa sauti isiyo na ukali.

“Mzee anasema mhudumu humnyima uji mpaka akiri kwamba Wanyamwezi walikuwa punda wa Wazaramo. Anasema humwosha kwa maji ya baridi ili afe upesi arithi koti. Anasema alimpiga kwa mwiko baada ya yeye kusema mboga haina chumvi.”

Mwiko ndio uliomwangusha Tatu. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Yeye na jiko la Tulieni hawakujuana hata kwa salamu, mpishi hakuruhusu mtu kuingia humo, na mzee alikuwa amemtafutia mwiko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa upindo wa khanga.

“Mzee huyu ataniua,” alisema. “Mwiko!”

Alipoinua macho, hakuna mwingine aliyekuwa akicheka. Julieth alikuwa anamtazama kama mtu anayeona kitu alichoogopa kukiona.

“Mkono wake una alama, mama,” alisema Julieth.

“Alijigonga akijinyoosha kufikia redio yake.”

“Na wewe uliniambia kwa mdomo wako kwamba unamngojea afe.”

“Ni utani, mwanangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi.”

Mwalimu Erasmus alikohoa. “Utani tunaujua sote hapa, mama. Mimi ni Msukuma, watani wangu hawahesabiki. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hata anayempiga mzee kweli, akikamatwa husema alikuwa anatania.”

“Kila nilikopita nimeambiwa ni utani,” alisema Julieth, na sauti yake ilikuwa imelowa.

“Basi mleteni,” Tatu alisema. “Tuwekeni pamoja, mtasikia wenyewe.”

“Hatuwezi kumleta mzee mbele ya mtu aliyemlalamikia. Ataogopa kusema kweli.”

Tatu alimgeukia Sylvester. Ofisi hiyo na chumba cha Ezekia vilitenganishwa na ukuta mmoja, na kila asubuhi Sylvester aliyasikia matusi yote. Mara nyingine alichekea kwenye kikombe chake cha chai. Sasa alikuwa akitazama mikono yake juu ya meza. Baadaye alimfuata Tatu nje akamwambia kwamba makao yakifungwa wazee hawa watalala wapi, na pengine alikuwa na haki. Tatu alisimamishwa kazi mpaka tathmini ya pili. Aliambiwa asikanyage Tulieni, wala asitume salamu kwa mzee.

Alikwenda kwa miguu mpaka kwake, mtaa wa Ng'ambo. Njia nzima hakuwaza kazi. Aliwaza ubavu wa mzee, na nani atakayemgeuza alasiri.

Akaanza kukaanga vitumbua barazani, maana mtu lazima ale. Hapo ndipo Emilian, mhudumu wa kiume wa Tulieni, alipomkuta, akavuta kigoda, akakaa bila kuagiza kitu.

“Anakuulizia,” alisema. “Mwanzo alidhani umemsusia kwa utani. Akawa ananituma, mwambie Mzaramo mchezo umenoga, sasa arudi. Nilipomweleza hakuniamini. Aliniambia, nimesema mwiko, nani mwenye akili anaamini mwiko?”

“Na sasa ameamini?”

“Ameamini. Alilia, dada Tatu. Kisha akadai simu, akasumbua mpaka Sylvester akampigia yule binti. Mzee akamwambia kwamba wewe ni mtu mwema. Kwamba hujamwinulia mkono hata siku moja, unamlisha kama mtoto wako, na kama si wewe angeshakuwa udongoni.”

Kitumbua kilikuwa kinaungua. Tatu hakukigeuza.

“Alinisifu?”

“Alikusifu mpaka nikaona aibu kusikiliza.”

“Mbele ya mgeni?”

“Kwenye simu, ndiyo. Na binti akamuuliza yuko na nani pale chumbani. Akamwambia asiogope, hakuna atakayemdhuru. Mzee akazidi kusifu, na yeye akazidi kumpa pole. Simu ilipokatwa mzee akaniambia, siku niliyosema uongo waliniamini, leo nimesema kweli wananipa pole.”

Tatu aliipua karai, akakaa. Alimkumbuka bibi yake wa Maneromango, na neno lake.

“Wanamgeuza?” aliuliza.

“Wahudumu wapya ni watu wazuri. Wana glavu. Shikamoo babu, pole babu, kila saa. Wanamgeuza wakikumbuka, na yeye akiumia hasemi.”

“Hasemi, ndiyo,” Tatu alisema. “Matusi yakipungua ndio ujue anaumia. Waambie. Akinyamaza, wamfunue wamtazame.”

“Nitawaambia,” Emilian alisema. Kisha akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa koti jeusi la sufu. “Kasema umeshalipima. Kasema uchukue, usije ukadai hukupewa.”

Tatu alilipokea, likamwelemea mapajani. Lilinuka mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka yeye mwenyewe. Alitaka kulikumbatia mbele ya Emilian na kulia, na alijua kwamba akifanya hivyo atakuwa amekubali jambo ambalo hakuwa tayari kulikubali. Akalikunja vizuri akalirudisha mfukoni.

“Mwambie mbeba mizigo sirithi mtu anayepumua,” alisema. “Afe kwanza, kiungwana. Na mwambie ahadi ya kaburini ipo palepale.”

Emilian alirudi baada ya siku chache. Alisema mzee alipopewa ujumbe ule alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu Tatu aondoke, akala nusu bakuli. Alisema pia kwamba nyonga yake imeanza kidonda. Tatu alimpa asali mbichi ya kumpaka, kwa siri, na kila mara Emilian alipopita alimuuliza kidonda. Majibu yalizidi kuwa mafupi.

Mwezi wa kumi, joto la Tabora likiwa linawachagua wazee, Sylvester alipiga simu.

“Mzee ametutoka, dada Tatu. Tunazika leo mchana. Uje. Ila nakuomba kitu. Julieth yupo, amekuja kwa tathmini ya pili, na amekuja na wageni wawili wa shirika. Nimezungumza naye, hatimaye nimesema nilichopaswa kusema siku ile. Amelegea. Na mwenyekiti amelegea. Ukija ukakaa kimya, ukalia kama watu wengine, wiki ijayo uko kazini.”

Tatu alisema amesikia. Alivaa khanga zake nyeusi, akafunga mlango. Aliitaka kazi ile. Aliitaka kwa ajili ya Bi Zabibu, aliyezoea mikono yake, na kwa ajili ya wale wengine waliolala ubavu mmoja wakiona haya kuita mtu. Njiani aliiambia nafsi yake kwamba maiti haisikii. Aliiambia hivyo mpaka akafika.

Emilian alimlaki kwenye shamba la mihogo. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu.

“Vidonda viwili,” alimnong'oneza. “Cha mgongoni kilifika mfupani.”

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la Shigela, udongo mwekundu na mgumu. Jeneza lilikaa juu ya viti viwili. Wazee walikuwa wameletwa, wengine kwa magurudumu, wengine kwa fimbo, wamevishwa mashati safi. Sylvester alishika koti mkononi kama mtu asiyejua aliweke wapi. Julieth alisimama nyuma na wageni wake. Mchungaji alisoma, wakaimba ubeti mmoja kwa sauti za chini, kisha wakanyamaza.

Kilikuwa kimya kilekile cha Shigela. Tatu alikitambua. Alisimama nyuma na khanga kichwani, akatazama miguu yake, akajizuia.

“Mzaramo hajafika?” Bi Zabibu aliuliza, akigeuza uso huku na huku.

Wafanyakazi waliinama kushika kamba.

“Nimefika, bibi,” Tatu alisema. “Nangoja watu wa hapa wawe na adabu.”

Alivua kandambili, akapita katikati ya watu, akajishusha kaburini, akalala chali. Juu, watu walishtuka. Alimsikia Sylvester akiita jina lake, mara mbili, kwa sauti ya kuomba.

“Sitoki,” Tatu alisema kutoka chini. “Huyu maisha yake yote kabeba mizigo ya watu kwa malipo, leo anataka kubebwa bure? Na babu zake walikunywa maji yetu hawakulipa. Ndugu zake waje wanikomboe. Wako wapi?”

Ndugu hawakuwepo. Udongo ulikuwa baridi mgongoni, na mbingu ilikuwa kipande kirefu chembamba. Tatu alingoja. Ndipo akatambua kwamba anachongoja si ndugu. Alikuwa anangoja jibu, kama kila asubuhi, na aliyekuwa na jibu alikuwa ndani ya sanduku pale juu. Lakini jibu lenyewe alilijua. Alimjua mzee yule hadi mwisho wa ulimi wake.

Akapindisha mdomo upande mmoja, akatoa sauti nzito ya Ezekia.

“Mwacheni humohumo, mnishushe juu yake. Nami angalau nipate godoro.”

Bi Zabibu ndiye aliyeanza. Alicheka kwa kinywa kisicho na jino, akicheka na kulia. Akafuata mzee mmoja wa kiti cha magurudumu, kisha Emilian, kisha wazee wote wakawa wanatikisika katika mashati yao safi. Mwalimu Erasmus alifunika mdomo kwa kofia yake, mabega yakamwumbua.

Bi Zabibu alisogezwa ukingoni. Akafungua pindo la khanga yake akatoa kipande cha tobolwa, kiazi kikavu alichokiweka akiba.

“Leo mimi ndiye dada yake,” alisema. “Shika, Mzaramo, utoke. Na koti mpeni, mtu asije akatusema.”

Tatu alitoka, Emilian akimvuta mkono. Sylvester alimkabidhi koti bila kumtazama. Alilivaa, akazunguka jeneza akiburuta mguu wa kulia kama Ezekia alivyokuwa akiburutwa kwenda kuoga, akilalamika kwamba maji ni ya moto, maji ni ya baridi, maji ni ya Wazaramo, na watu wakacheka mpaka jeneza lilipofika chini. Donge la kwanza la udongo lilipolia juu ya ubao, tusi jingine lilimjia Tatu ulimini, zuri kuliko yote. Hakuwa na wa kumpa. Akakaa chini pale alipokuwa, akalia kwa sauti, na hakumjali mtu.

Watu walipotawanyika Sylvester alimsogelea. “Wageni wamekupiga picha ukiwa kaburini,” alisema. “Nitawaelezaje, dada Tatu?”

“Waeleze kama ulivyoona.”

“Hawataelewa.”

“Najua,” alisema Tatu. Alijua tangu alipovua kandambili.

Julieth alikuwa amebaki peke yake kando ya kaburi. Emilian alikuwa amemwambia yale ya mgongoni, maana alimuuliza.

“Bibi yangu alikuwa navyo hivyohivyo,” Julieth alisema. “Mimi nilikuja ili...” Tatu alikuwa na mengi ya kumwambia, mengine aliyaandaa usiku kwa usiku tangu siku ya ofisini. Alimtazama binti wa watu, akamshika mkono, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumshika. Walisimama hivyo mpaka majembe yalipomaliza.

Alirudi Ng'ambo kwa miguu akiwa amevaa koti. Jasho lilimtiririka mgongoni, watu walimtazama, na hakulivua. Penye njia panda ya reli palikuwa na mama mmoja Mnyamwezi anayeuza karanga, kikopo chake cha kupimia mkononi, mchangamfu.

“Mama, koti hilo na jua hili?” alimwita akicheka. “Umelipata wapi?”

“Ni la mtani wangu.”

“Mtani wako nani?”

“Mnyamwezi mmoja, wa Igalula.”

“Ehee,” alisema muuza karanga, akijiweka sawa apokee matusi ya kabila lake na kuyajibu. “Mtu wa namna gani huyo, mpaka umemvua koti?”

Tatu alifungua kinywa. Matusi yote yalikuwepo, ya maji, ya mizigo, ya sukari, yamejipanga kama siku zote. Aliyatafutia sauti, haikuja.

“Alikuwa mtu mwema,” alisema.

Muuza karanga aliacha kucheka. Aliweka kikopo chini, akasogeza kikapu, akampisha Tatu mahali pa kukaa.

“Pole, dada yangu,” alisema. “Mmemzika lini?”